Jimbo gani? Mchezo wa kila asubuhi wa kujifunza majimbo 26 ya inchi yetu



Wengi wenu mumekwisha kuona ile tablo ndogo chini ya mwembe, karibu na kengele. Kila asubuhi kuna maneno machache juu yake, na wanafunzi wanasimama pale wakibishana mpaka kengele inalia. Wengine wametuuliza: Je, ni somo au ni mchezo? Tunajibu: ni yote mawili. Sisi wafinalisti ndio tuliouanza, basi Bwana mwalimu wa jeografia ametuomba tuueleze hapa, ili madarasa madogo waendelee nao wakati sisi tutakapokuwa tumekwisha kutoka.

1. Tulianza kwa haya

Tusifiche kitu. Mchezo huu haukuzaliwa kwa akili zetu, ulizaliwa kwa haya yetu. Katika juma la kwanza la mwaka wa masomo, mwalimu alitugawia karatasi yenye ramani tupu ya Kongo: mipaka iko, majina hapana. Akasema: «Andikeni majimbo yote na muji mkuu wa kila jimbo. Muna nusu saa.»

Sisi ni watu wazima, tunajitayarisha kwa Ekzame ya Serikali, tulishika biki kwa kiburi. Nusu saa ikapita. Aliyeshinda wote aliweka majimbo 14 mahali pake. Wengi walijaza 11 tu. Mmoja aliandika Bandundu kama jimbo. Mwingine aliandika Shaba, kwa sababu baba yake nyumbani anasema Shaba mpaka leo. Na jimbo la Kwango lilizungushwa sehemu tano mbalimbali za inchi sawa mbuzi aliyepotea.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mwalimu alituonyesha ramani iliyo ukutani mwa darasa letu. Tulikuwa tunaitazama kila siku tangu miaka miwili, na hatukuona kwamba nayo ilikuwa na majimbo 11. Akasema: «Ramani hii imekwisha kufa. Lakini ninyi mungali hai, mungeweza kuuliza.» Nje ya dirisha mtoto mmoja wa darasa la chini alikuwa anafagia. Tulisikia anamwambia mwenzake: «Ata bakubwa habajui!» Neno lile lilituuma kuliko pointi tulizopoteza.

2. Kwa nini tulikuwa hatujui

Tulipojichunguza tuliona sababu mbili.

Sababu ya kwanza: inchi yetu imegawanywa mara nyingi. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, kulikuwa majimbo 6: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasaï. Kisha yakakatwa, yakaungwa, yakabadilishwa majina. Wakati wa Zaïre wazazi wetu walisoma Shaba, Haut-Zaïre na Bas-Zaïre. Mwaka 1988 Kivu ya zamani ilizaa watoto watatu: Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Mwaka 1997 Shaba ilirudia jina la Katanga, na tukawa na majimbo 11, Kinshasa ikiwemo. Katiba ya mwezi wa pili 2006 iliandika 26, lakini ni katika mwaka 2015 tu ndipo majimbo mapya yalianza kazi kweli. Basi ndani ya nyumba moja babu ana ramani yake kichwani, baba ana yake, mtoto ana yake, na wote wanafikiri wanasema juu ya inchi moja.

Sababu ya pili ni kosa letu. Tulijifunza kwa kuimba orodha. Orodha ya kuimba ina ubaya wake: ukikatizwa katikati unapaswa kurudi mwanzo. Tena orodha haikuambii nani anakaa karibu na nani. Mtu anaweza kuimba «Kwango, Kwilu, Mai-Ndombe» vizuri sana bila kujua kama ziko mashariki ao magharibi.

3. Sheria za mchezo

Mchezo wenyewe ni mwepesi, hauombi franga.

Kwanza: kila siku ya masomo mfinalisti mmoja wa zamu anachagua jimbo moja kwa siri. Anaandika jina lake kwenye karatasi, anaikunja na kumpa mwalimu wa jeografia, ili asigeuze neno baadaye.

Pili: kila darasa lina majaribio manne. Jaribio ni jina la jimbo, na linaletwa na mkubwa wa darasa.

Tatu: kama jimbo lililotajwa silo, mtu wa zamu anajibu vitu viwili tu: ni mipaka mingapi ya kuvuka toka jimbo lile mpaka jimbo la siri kwa njia iliyo fupi, na ni upande gani wa kwenda: kaskazini, kusini, mashariki ao magharibi.

Ine: anayetaja jimbo anapaswa kusema kwa sauti sababu yake. Sheria hii tuliiongeza juma la pili. Wengine walikuwa wanatafuta jibu katika telefone za watu wa nje ya lupangu. Sasa mtu anaweza kuleta jibu la kuiba, lakini sababu haiibiwi.

Tano: jibu linaandikwa kwenye tablo saa sita. Darasa lililopata kwa jaribio la kwanza linapewa pointi 4, la pili 3, la tatu 2, la ine 1. Siku ya tano tunajumlisha, na darasa la kwanza linapumzika salongo ya siku ya posho. Mutashangaa kuona namna jeografia inavyopendwa tangu ufagio umeingia ndani yake!

4. Mfano mmoja

Tutoe mfano, kwa sababu sheria bila mfano ni sawa chungu bila mboga.

Siku moja darasa la tatu walianza na Haut-Katanga, jimbo letu wenyewe. Jibu: mipaka 2, kaskazini. Darasa dogo wangetaja sasa jina lolote la kaskazini. Lakini wale walikaa wakafikiri. Toka Haut-Katanga, ukivuka mpaka mmoja kwenda kaskazini unaingia Tanganyika. Ukivuka wa pili unaweza kuingia Sud-Kivu ao Maniema. Ukipitia Haut-Lomami unaweza kufika Lomami. Basi walikuwa na majina matatu mkononi.

Mtu wa haraka angechagua moja ya yale matatu na kuomba bahati. Wao walitaja Tshopo, hali walijua hakika siyo. Tuliwauliza: «Mbona munapoteza jaribio?» Wakajibu: «Hatupotezi, tunapima.» Jibu la Tshopo: mpaka 1, kusini. Papo hapo mambo yakaonekana. Sud-Kivu haigusi Tshopo. Lomami haigusi Tshopo. Maniema inaigusa. Jaribio la tatu: Maniema, na ni kweli.

Wapendwa, mwone vizuri kitu walichofanya. Walishinda kwa kujua majirani ya jimbo. Jina peke yake ni sawa muntu uliyekutana naye njiani mara moja. Ukijua majirani yake, hapo umefika kwake.

5. Ufunguo wa maji

Baada ya mwezi mmoja mwalimu alituuliza: «Majina ya majimbo yanatoka wapi?» Tukayahesabu, na tuliona kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiona: kati ya majimbo 26, majina 21 yanatoka kwa mito na maziwa.

Mito: Uele, Ituri, Tshopo, Mongala, Ubangi, Tshuapa, Kwango, Kwilu, Kasaï, Sankuru, Lomami, Lualaba. Maziwa: Tanganyika, Kivu na Mai-Ndombe. Majimbo matano tu hayabebi jina la maji: Équateur, iliyopata jina kwa mstari unaogawa dunia nusu mbili, Kongo-Central, inayokumbuka watu wa Kongo na ufalme wao wa zamani, ambao mto mkubwa nao ulichukua jina lao, Haut-Katanga, Maniema, na Kinshasa.

Basi ufunguo ni huu: jua maji, utajua majimbo. Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Katika kitabu cha Yoshua, wakati makabila yalipogawiwa inchi, mipaka inaelezwa kwa mito, mabonde, milima na bahari. Mtu anaweza kubadilisha bendera na majina ya miji, lakini mto unaendelea kupita palepale.

Tena ufunguo huu unafungua mtego mubaya kuliko yote, ule wa maneno Haut na Bas. Sisi wote tulifikiri Haut ni juu ya karatasi, maana yake kaskazini. Hapana! Haut ni upande mto unakotoka, Bas ni upande maji yanakoshukia. Mto Uele unatoka mashariki na kwenda magharibi, ndiyo maana Haut-Uele iko mashariki na Bas-Uele iko magharibi. Mto Lomami unaanzia kusini, karibu na Kamina, unapanda kaskazini. Ndiyo maana Haut-Lomami iko kusini ya Lomami, hata kama macho yetu yanakataa. Na Haut-Katanga je? Sisi tunaokaa hapa tunajua baridi ya mwezi wa sita: muji wa Lubumbashi uko karibu metre 1.200 juu ya bahari. Ni inchi ya juu, lakini kwenye ramani iko chini kabisa. Juu ya mlima na juu ya karatasi si kitu kimoja.

6. Orodha ya kunakili

Nakilini orodha hii katika kaye zenu. Tumeipanga kwa majimbo ya zamani, ili hata ukipata buku la zamani ujue kulisoma.

Majimbo matano ambayo hayakukatwa mwaka 2015: Kinshasa, Kongo-Central, zamani Bas-Congo (Matadi), Maniema (Kindu), Nord-Kivu (Goma), Sud-Kivu (Bukavu).

Katanga ilizaa manne: Haut-Katanga (Lubumbashi), Lualaba (Kolwezi), Haut-Lomami (Kamina), Tanganyika (Kalemie).

Province Orientale ilizaa manne: Tshopo (Kisangani), Ituri (Bunia), Haut-Uele (Isiro), Bas-Uele (Buta).

Équateur ilizaa matano: Équateur (Mbandaka), Mongala (Lisala), Tshuapa (Boende), Nord-Ubangi (Gbadolite), Sud-Ubangi (Gemena).

Bandundu ilizaa matatu: Kwilu (Bandundu), Kwango (Kenge), Mai-Ndombe (Inongo).

Kasaï-Occidental ilizaa mawili: Kasaï-Central (Kananga) na Kasaï (Tshikapa).

Kasaï-Oriental ilizaa matatu: Kasaï-Oriental (Mbuji-Mayi), Lomami (Kabinda), Sankuru (Lusambo).

Hesabuni: 5, na 4, na 4, na 5, na 3, na 2, na 3. Jumla ni 26. Kama hesabu yako haifiki, rudia kabla ya kulaumu mwandishi.

7. Mitego iliyotukamata

Tunaiandika ili isiwakamate ninyi.

Mtego wa jina lililobaki. Équateur ya leo si Équateur ya zamani, ni sehemu moja tu kati ya tano. Kasaï-Oriental vilevile: ya zamani ilikuwa kubwa, ya leo ndiyo jimbo dogo kuliko yote, ndogo hata kuliko Kinshasa kwa eneo. Darasa la nne walitaja Kinshasa siku tulipouliza jimbo dogo, na walibishana nasi mpaka saa sita.

Mtego wa muji mkubwa. Wengi wanasema muji mkuu wa Kwilu ni Kikwit, kwa sababu Kikwit ni kubwa na jina lake linasikiwa mingi. Muji mkuu ni Bandundu.

Mtego wa mto unaosafiri. Ukisikia Lualaba usikimbilie Kolwezi. Jimbo la Lualaba liko kusini, lakini mto Lualaba unapita mbali sana, unapita Kindu katika Maniema, unafika Kisangani, na baada ya maporomoko ya hapo unaitwa Kongo. Vilevile mto Lomami unakwenda kumwaga maji yake katika jimbo la Tshopo. Mto ni mgeni katika majimbo mengi, lakini umeachia jina lake kwa machache tu.

Mtego wa bahari. Watu wengi wanafikiri Kongo haina bahari. Inayo, lakini ni kidogo, karibu kilomita 40 tu, na yote iko Kongo-Central.

8. Kosa letu na sheria ya sita

Hapa tunaandika jambo ambalo tungependa kuliacha. Lakini gazeti letu ni la shule ya wakristo, na kosa lililofanywa mbele ya wote linapaswa kukiriwa mbele ya wote.

Mwanzoni mtu wa zamu alikuwa anaandika pia alama moja ya kusaidia madarasa madogo: mlima, mto, madini, reli. Asubuhi moja mmoja wetu aliandika alama juu ya watu wa jimbo fulani, neno lile ambalo watu wanasema barabarani kwa kuchekesha. Hatutalirudia hapa. Darasa zote zilipata jibu kwa jaribio la kwanza, na kicheko kilikuwa kikubwa. Lakini msichana mmoja wa darasa la pili aliondoka pale mwembeni bila neno. Siku ile hakula. Wazazi wake wanatoka jimbo lile.

Mchungaji wa shule alituita jioni. Hakutupigia kelele. Aliuliza tu: «Darasa zote zimepata haraka. Zimejifunza kitu gani juu ya jimbo lile?» Tulitafuta jibu, hatukupata. Hakuna aliyejifunza mto wake, wala muji wake, wala jirani yake. Walikuwa wanajua tusi tangu zamani, na sisi tuliliandika kwa chokaa.

Kesho yake, kwa sala ya asubuhi, tulisimama mbele ya shule nzima tukaomba musamaha, na kwanza kwa yule dada. Toka siku ile kuna sheria ya sita: alama ya kabila haitaingia kwenye tablo. Mlima ndiyo, mto ndiyo, reli ndiyo. Tabia ya watu hapana. Wazee wetu hapa wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati jirani alimfukuza jirani kwa sababu ya jimbo la baba yake. Ilianza kwa maneno. Hatutaki tablo yetu iwe mahali maneno yale yanajifunza tena kutembea.

9. Mipaka miwili tu

Jambo la mwisho, kisha tutafunga.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 muji wa Goma ulianguka mikononi mwa M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo. Tulisikia kwa redio sawa watu wote. Baadaye mwanafunzi mmoja toka Bukavu aliandikishwa kwetu, akakaa kwa mjomba wake. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Kwa mchezo alisimama nyuma.

Siku moja jimbo la siri lilikuwa Sud-Kivu. Wa zamu hakufikiri lolote, alichagua kwa sababu zamu yake ya majimbo ilikuwa imefika hapo. Darasa moja lilitaja Haut-Katanga, naye akajibu kwa sauti: «Mipaka miwili, kaskazini.» Ndipo yule mgeni akasema toka nyuma: «Miwili tu? Siye tulitembea siku kumi na tisa.»

Watu wote waligeuka. Wa zamu hakujua la kufanya, akampa chaki. Yule ndugu akaja mbele. Hakueleza vita. Alichora njia: toka Bukavu kushuka bonde la Ruzizi mpaka Uvira, toka Uvira kwa mashua juu ya ziwa Tanganyika, mashua ikijaa watu na magodoro, mpaka Kalemie, toka Kalemie kwa lori, katika njia mbaya ya mvua, mpaka hapa. Kisha akaweka nukta mbili, moja kwa kila mpaka aliovuka, akasema: «Njo mipaka yenyewe.» Akarudisha chaki.

Kengele ililia, lakini hakuna mtu aliyekimbia. Sisi tulikuwa tumekwisha kuandika «Sud-Kivu, Bukavu» mara nyingi kwenye tablo ile. Siku ile tulijifunza kwamba kuhesabu mipaka ni mwanzo tu wa jeografia. Mpaka kwenye karatasi ni mstari wa penseli. Chini ya mstari kuna njia, na juu ya njia kuna watu.

Toka pale tumeongeza desturi, si sheria: saa sita, jibu likikwisha kuandikwa, kama kuna mwanafunzi ao mwalimu mwenye ndugu katika jimbo lile, anaeleza kwa dakika mbili namna ya kufika kule. Tumekwisha kusikia juu ya gari la moshi la Kamina, juu ya mashua za mto za Mbandaka, juu ya mpishi wetu aliyezaliwa Kabinda. Na kwa sala ya asubuhi, mtu anapoomba kwa ajili ya inchi, haombi tena kwa «inchi yetu» tu. Anataja majina. Tunafikiri Mungu alijua majina yale kabla yetu, lakini ni vema na sisi tuyajue.

10. Kazi kwa wasomaji

Jaribuni haya bila ramani. Majibu yako chini, lakini mwenye kuangalia kwanza anajidanganya mwenyewe.

a) Jina langu maana yake ni maji meusi. Zamani ziwa langu lilibeba jina la mfalme Leopold II. Mimi ni jimbo gani?

b) Naitwa Haut lakini niko kusini. Katika muji wangu mkuu njia za reli zinaachana: moja inakwenda Ilebo, nyingine inapanda kaskazini, nyingine inashuka Lubumbashi. Mimi ni jimbo gani?

c) Nagusa ziwa Albert, na kule Epulu kuna hifadhi ya okapi. Mimi ni jimbo gani?

d) Eneo langu ni kubwa kuliko la majimbo yote. Sigusi inchi ya kigeni hata moja. Mimi ni jimbo gani?

e) Nagusa Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya ziwa langu ni Tanzania. Mimi ni jimbo gani?

f) Hili ni gumu, kwa wafinalisti wenzetu. Toka Maniema nenda kusini mpaka 1. Umefika katika jimbo ambalo mto Lukuga unatoka katika ziwa. Mimi ni jimbo gani, na muji wangu mkuu ni upi?

Majibu: a) Mai-Ndombe. b) Haut-Lomami. c) Ituri. d) Tshopo. e) Sud-Kivu. f) Tanganyika, Kalemie.

Aliyepata sita, aje atusaidie zamu. Aliyepata tatu ao zaidi yuko katika njia njema. Aliyepata chini ya tatu asihuzunike: sisi tulianza na ramani tupu na mbuzi aliyepotea.

Sasa tunaomba vitu viwili. Kwa walimu: ile ramani ya majimbo 11 isitupwe. Itundikwe pembeni ya ile mpya tuliyochora, ili watoto waone inchi yao ilikotoka. Kwa madarasa madogo: tablo iko chini ya mwembe, chaki iko kwa mwalimu. Mwaka kesho hatutakuwa hapa. Msiache mvua ifute peke yake. Ninyi wenyewe futeni kila jioni, na asubuhi muandike jimbo lingine.

Kwa jina la wafinalisti wote,
Mkuu wa wanafunzi